Kisogo cha Kaka Reuben

Doha ni mji wa milango mingi, na kila mlango una Mkenya. Ukienda benki, Mkenya ndiye anayekufungulia. Ukienda hotelini, Mkenya ndiye anayekagua mkoba wako. Tangu apendane na Kioko, Kwamboka alikuwa hajapata hata benchi moja la kukalia naye bila mtu kumwita kwa sauti, "Dada yake Reuben! Msalimie kaka!" Ndiyo maana aliposikia habari za baleti ya Warusi alicheka, halafu akakubali. Mkenya gani, alijiuliza, ataacha kitanda chake Ijumaa jioni aende kutazama watu wakitembea kwa ncha za vidole vya miguu?

Sasa alikuwa amesimama mwanzoni mwa safu ya viti vyekundu, na jibu lake lilikuwa limeketi mbele yake, limevaa suti.

Safu nzima ilikuwa ya Wakenya na Waganda.

"Kioko," alinong'ona, "hawa ni akina nani?"

"Wa kazini." Kioko alikuwa mlinzi wa ukumbi ule. Siku nyingine angekuwa mlangoni na kofia yake; leo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Ulisema mkubwa wenu amekupa tiketi."

"Amenipa. Amewapa na hawa. Viti havikununuliwa, na leo kuna mabalozi, hataki waone ukumbi mtupu. Tumeambiwa tuvae vizuri, kila mtu aje na mwenzake, na wageni wakipiga makofi nasi tupige."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

Kwamboka alikuwa akiutafuta mlango kwa macho. Hapo mwanamke mnene aliyekaa nyuma yao, msafishaji wa ukumbi, Mganda, akainua mkono.

"Nyabo, kaa basi! Unatuzibia Warusi na hata hawajatoka. Mimi ni Proscovia. Wewe ni nani wa Kioko wetu?"

"Kwamboka," alijibu kabla hajajizuia, na papo hapo akatamani kulimeza jina lake.

Aliketi. Akajivutia mtandio mpaka karibu na nyusi.

"Tulia," Kioko alisema. "Hakuna anayekujua hapa."

"Mimi hawanijui. Reuben wanamjua."

"Reuben saa hizi yuko mtaa wa Fereej Bin Mahmoud anafungua Sabato. Ndiye dereva pekee Doha nzima asiyegusa usukani Ijumaa jua likishazama. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Ni kweli, alimwambia. Kila Ijumaa magharibi Wasabato wa Kenya walikusanyika katika fleti moja ya ghorofa ya tatu, wakavua viatu mlangoni, na Reuben akasimama katikati yao akaipokea siku ya Bwana kwa wimbo. Kaka huyo ndiye aliyemlipia Kwamboka chuo cha uuguzi. Ndiye aliyemtafutia kazi katika zahanati ya Al Wakrah. Na ndiye aliyempata Henry, mwalimu, mtoto wa mzee wa kanisa, ambaye wazee wake wangefika Jumapili nyumbani kwao Nyamira kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Baba alikuwa amepiga simu kuuliza, "Mwanangu, una neno?" Kwamboka alinyamaza, na baba akauchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo.

Leo alikuwa amemwambia kaka yake kwamba yuko zamu. Badala yake alikuwa hapa, dansini, Sabato ikiwa imeshaingia, ubavuni mwa mwanamume ambaye hakuwa Mkisii wala Msabato.

Simu yake ilitetemeka mapajani. Ujumbe ulitoka kwa Kioko, aliyekuwa ameketi karibu yake kiasi kwamba viwiko vyao vilikutana.

*Nakupenda kwa fahari, nakuficha si hiari,*
*Moyo wangu u tayari, wako bado wafikiri.*

"Mbona unaniandikia na niko hapa?"

"Ukiniangalia hivyo maneno yananitoroka," alisema. Kisha tabasamu likamwisha. "Lakini nimemaanisha, Kwamboka. Kuna leo na kesho, halafu ni Jumapili. Mimi nalinda mlango kwa mshahara. Sitaki na mapenzi yangu niyalinde nje, nikisubiri mwenye nyumba aondoke."

Taa zikazimika.

Muziki ulianza kwa ngoma. Pazia lilipopanda hapakuwa na kasri wala maua. Kulikuwa na ngazi ya chuma, gurudumu la mashine kubwa kama nyumba, na wanawake waliofunga vitambaa vyekundu kichwani wakisokota nyuzi ambazo hazikuwepo. Ilikuwa Urusi ya zamani, Kioko alieleza, kama alivyosoma kwenye karatasi ya mlangoni: mfalme ameshaondolewa, kila kitu kipya, na hakuna ajuaye jirani yake anawaza nini. Msichana mmoja wa kiwandani alimpenda kijana wa reli. Waliishi katika nyumba moja na watu wengine wengi, mapazia yakiwa ndiyo kuta, na kila walipokaribiana pazia moja lilitikisika.

"Ee! Kumbe na Warusi wanaishi kwa patisheni!" Proscovia alisema nyuma, na safu nzima ikaziba midomo isicheke. Karibu wote walilala hivyo, vyumba vilivyogawanywa kwa mbao nyembamba, ambamo jirani akigeuka kitandani wewe ndiye unayeamka.

Kwamboka hakucheka. Alimtazama yule msichana akimvua kijana kofia, akimgusa uso kwa mgongo wa kiganja, kisha akiruka nyuma ghafla kwa sababu ngoma imepiga: bam, bam, bam. Mlango. Kila mtu jukwaani aliganda. Aliyeingia alikuwa mtu wa koti refu la ngozi. Msichana alimkimbilia, akamvuta mikono, akampa kiti. Alikuwa kaka yake.

Kwamboka akaushusha mtandio tena.

Wakati wa mapumziko hakuinuka. Wengine walitoka kwenda kutazama jinsi wageni walivyovaa. Yeye alibaki, na Kioko akabaki naye.

"Mpigie baba leo," Kioko alisema.

"Leo ni Sabato."

"Basi kesho."

"Kesho pia ni Sabato."

"Na Jumapili ni ng'ombe." Kioko aligeuka akamtazama vizuri. "Niambie ukweli. Unanionea haya?"

"Sikuonei haya! Naogopa, Kioko. Hujui Reuben alichonifanyia. Nilipougua surua nikiwa mdogo, alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha, na yeye mwenyewe mtoto. Nikifungua mdomo nimkatae mtu aliyenitafutia, nitamwangalia vipi?"

"Kwa hiyo utaolewa ili kulipia huo mgongo?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe."

Ukumbi ulikuwa umepungua. Safu iliyokuwa mbele yao, ya wageni walioalikwa, ilibaki na mkoba mmoja tu. Wenyewe walikuwa wamechoka na gurudumu la chuma wakaenda zao. Mkubwa wa Kioko, Mmisri mwenye tumbo, aliiona ile safu akashika kichwa. Alitoka mbio. Taa zilipoanza kufifia alirejea na kundi la wanaume nyuma yake.

"Yalla, shabab, yalla! Haya vijana! Kaa, kaa. Kila kiti."

"Amewakusanya madereva kutoka maegesho," Kioko alinong'ona huku akitaka kucheka. "Mtu alikuwa analala garini, sasa anatazama utamaduni."

Madereva waliingia wakijikwaa gizani, wakinong'onezana samahani kwa Kihindi, Kinepali na Kiingereza. Mmoja aliketi mbele ya Kwamboka kabisa. Alivua kofia ya kazi akaiweka magotini. Taa inayomulika jukwaa kutoka nyuma ya ukumbi ikawaka, ikaangaza na kisogo chake.

Mtu hajui kisogo hata cha rafiki yake. Hiki Kwamboka alikijua kuliko uso wake mwenyewe. Alijua kovu lenye umbo la haragwe chini ya sikio la kushoto. Alijua nywele zinazokataa kulala pale katikati. Alikuwa amelaza shavu lake hapo, akiwa na homa, njia nzima mpaka zahanati.

Alikuwa Reuben.

Kwamboka alitaka kuinuka, lakini milango ilishafungwa, na walinzi wa zamu walikuwa wameagizwa wasimruhusu mtu kutembea wakati wa dansi. Aliuma mtandio. Angenyoosha mkono angemgusa shingo. Akikohoa, atajua. Akitaja neno lolote, atajua. Kaka huyu aliweza kuitambua sauti yake kwenye simu yenye mikwaruzo, kutoka nchi nyingine, kwa "haloo" moja tu.

Kioko alimgeukia. Akautafuta mkono wake gizani, akaushika.

Kwamboka akaunyakua mkono wake kama mtu aliyeguswa na kaa la moto.

Hakumtazama Kioko. Alimsikia tu akivuta pumzi, akijisogeza upande mwingine wa kiti. Hakuweza kumweleza. Koo lilikuwa linamwasha sasa, kikohozi kinapanda kama maziwa jikoni, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa kukizuia.

Jukwaani mambo yalikuwa yameharibika. Ngoma ilipiga tena mlangoni, safari hii wakaingia watu wengi wa makoti ya ngozi. Watu wa nyumba ile walipangwa mstari. Mkubwa wao alimshika yule kaka bega, akampitisha mbele ya kila mmoja, polepole, muziki umebaki filimbi moja nyembamba. Akamfikia msichana, dada yake. Akamfikia kijana wa reli. Akasimama. Mkono wa kaka uliinuka wenyewe, kana kwamba unavutwa kwa uzi kutoka darini. Alijaribu kuushusha kwa ule mwingine, akashindwa. Kidole kikanyooka.

Msichana alifungua mdomo. Hakuna sauti iliyotoka.

Mbele ya Kwamboka kile kisogo kiliinama. Mabega ya Reuben yalipanda na kushuka, akajifuta uso kwa kofia ya kazi. Kwamboka alishangaa kidogo, hata katika hofu ile. Kaka yake hakulia hata mama alipozikwa.

Na wazo lililokuwa limefunikwa na woga likajitokeza. Yuko hapa. Ijumaa, usiku umeingia, na kofia ya kampuni mkononi. Nani amefungua Sabato?

Makofi yalilipuka. Taa zikawaka zote. Wageni walisimama, na kama walivyoagizwa, walinzi na wasafishaji wakasimama. Kwamboka alibaki ameinama, uso karibu na magoti, akijifanya anatafuta kiatu.

"Kwamboka!" Proscovia aliita, kwa wema wote wa moyo wake. "Kwamboka, simama, mkubwa anatuangalia!"

Mikono ya Reuben iliacha kupiga makofi.

Kwamboka alikiona kisogo kikikakamaa. Alisubiri kigeuke. Alisubiri lile jicho, lile jina litamkwe kwa sauti ya baba. Kisogo hakikugeuka. Reuben alivaa kofia, akaishusha mpaka machoni, akaanza kuwapita wenzake kwa haraka kuelekea mlangoni, akiwakanyaga vidole, bila kutazama nyuma hata mara moja.

"Yule ni nani?" Kioko aliuliza kwa ubaridi. "Ndiye aliyekufanya uniogope kama nyoka?"

"Ni Reuben."

Uso wa Kioko ulibadilika. "Amekuona?"

"Amenisikia. Na amenikimbia."

"Basi shukuru. Amekwenda. Turudi kila mtu kwake, mambo yameisha."

Lakini Jumapili haikuwa imeisha. Jumapili ilikuwa inakuja na watu wake na ng'ombe wake, na Kwamboka aliona kwamba akiketi pale mpaka hofu ipoe, atapoa nayo. Akainuka. Akamfuata kaka yake.

Alimkuta maegeshoni, akihangaika kufungua mlango wa basi dogo jeupe lililoandikwa jina la hoteli ambako wachezaji walilala.

"Kaka."

Funguo zikaanguka.

"Kwamboka." Aliinama kuziokota, akachukua muda mrefu kuliko funguo zilivyohitaji. Alipoinuka alikuwa ameshapata uso wake wa siku zote. "Ulisema uko zamu."

"Na wewe ulisema unafungua Sabato."

"Omondi wa kanisani amefungua."

"Na Ijumaa iliyopita? Baada ya wimbo ulituaga unakwenda kuwaombea wagonjwa."

Reuben alitazama pembeni. "Kampuni walinipa mawili: niendeshe Ijumaa au nipande ndege kurudi nyumbani. Tangu Ramadhani. Ningefanyaje? Karo ya wadogo zetu nani angelipa?"

"Ungesema."

"Nimwambie nani? Wale wanaosimama nikiingia?" Sauti ilimpanda, akaishusha. Akamsogelea. "Sikiliza, dada. Hukuniona, sikukuona. Jumapili ipite kwa amani, wazee wa Henry wapokelewe. Huyo soja wako, habari zake zilishanifikia, umalizane naye kimya kimya, na baba hatajua ulikuwa wapi Sabato hii."

"Soja ana jina. Ni Kioko." Kijana mwenyewe alikuwa amefika, anahema.

"Kaa kando, kijana. Haya ni ya nyumbani kwetu."

"Nyumbani kwenu mnanijadili, halafu nikae kando?"

"Nikujadili una nini? Mkamba, kanisa letu hulijui, kazi yako ni kusimama mlangoni. Nimemsomesha dada yangu aje kubeba sahani ya mlinda mlango?"

"Ndiyo, nasimama mlangoni," Kioko alisema, macho yanawaka. "Na leo mlango wangu umekupokea bila tiketi, mzee wa Sabato, na sikumpigia mtu simu."

Reuben aliinua mkono. Kwamboka akaingia katikati yao, na alipomtazama kaka yake kwa karibu vile, chini ya taa ya maegesho, aliona kitu alichokuwa amekibeba yeye jioni nzima: midomo mikavu, macho yanayotafuta mlango. Kaka yake alikuwa anamwogopa.

Akatoa simu.

"Unampigia nani?" Reuben aliuliza. "Kwamboka, unampigia nani? Usinitaje. Tafadhali. Baba aliniombea mbele ya kanisa zima. Tafadhali, mdogo wangu."

Hakuwahi kumsikia akisema tafadhali. Nusura akate. Lakini huko Nyamira simu ilikuwa imeshapokelewa.

"Nani amekufa?" baba aliuliza. Simu ya Sabato kwao ilikuwa ya msiba tu.

"Hakuna aliyekufa, baba." Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Nisamehe kwa kupiga leo. Baba, wale wazee wa Jumapili wasije."

Wimbo uliokuwa ukisikika nyuma ya baba ulikatika.

"Una mtu?"

"Ndiyo."

"Wetu?"

"Mkamba, baba."

"Msabato?"

"Hapana."

"Anafanya kazi gani?"

"Mlinzi."

Kwamboka alishika kioo cha basi.

"Na wewe uko wapi saa hizi?"

"Nimetoka kutazama dansi. Niko naye."

"Kaka yako anajua hayo? Reuben yuko wapi?"

Reuben alifumba macho. Lilitakiwa neno moja tu. Kwa neno hilo hasira yote ya baba ingehama kutoka kwake imwangukie mwingine, na Kwamboka alilihisi limeshafika ulimini, tayari, tamu. Akalimeza.

"Hilo utamuuliza yeye, baba. Mimi nimekueleza langu."

"Nakuuliza wewe."

"Nimekueleza langu, baba," alirudia, analia sasa.

Hatua zikasikika kwenye lami. Reuben alikuwa amenyoosha kiganja. Akaichukua simu, akaishika kwanza mbali na sikio, kama mtu anayepima uzito wake.

"Baba," alisema. "Niko hapa naye." Akameza mate. "Niko kazini, baba. Ndiyo... Ndiyo, leo."

Aligeuka akaenda upande wa pili wa basi. Walisikia vipande tu. *Tangu Ramadhani. Hapana, baba. Hapana, hawajui.* Kisha pumzi ya mtu anayelia akijitahidi asisikike.

Kwamboka aliutafuta mkono wa Kioko, pale pale kwenye mwanga, madereva wenzake Reuben wakiwatazama, akaushika. Ulikuwa na jasho kama wake.

"Nilipokunyang'anya mkono mle ndani..."

"Najua," Kioko alisema. "Sasa najua."

Reuben alirudi macho mekundu. Hakumtazama dada yake. Alimnyooshea Kioko simu.

"Anataka kuongea na soja." Akasita, taya likicheza. "Anataka kuongea na wewe, Kioko."

Kijana aliyekuwa na majibu kwa kila mtu jioni ile alifuta kiganja kwenye suruali, mara mbili.

"Nimwambie nini?" alimuuliza Kwamboka.

"Mwambie jina lako."

Aliipokea simu kwa mikono yote miwili.

"Sabato njema, mzee," alisema, kwa sauti ambayo Kwamboka hakuijua. "Naitwa Kioko."

Muda ulipita. Wachezaji walianza kutoka kwa mlango wa nyuma, wamevaa majaketi juu ya nguo za jukwaani, wakilitafuta basi lao kwa macho. Kwamboka alikaza sikio. Alimsikia baba yake akikohoa, akimwambia mtu apunguze taa, kisha akiuliza polepole, kama anavyouliza mzee anayetaka kumtuma mtu njiani:

"Baba yako anaitwa nani, kijana, na nyumbani kwenu kunafikwaje?"